Ukikuta mkanda wa "Far til fire" juu ya kabati la bibi

Kijana mmoja wa Kihesa alinijia mwezi wa pili, mvua ikinyesha, kakumbatia kiroba chenye kanda nne za video.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ingia ndani, usisimame kwenye matone."

Bibi yake alikuwa anahamia kwa mwanawe Makambako, na wakati wa kufungasha wamezikuta juu ya kabati, nyuma ya masufuria makubwa ya shughuli. Marehemu babu alikuwa dereva wa mradi wa maji. Kijana alitaka kujua mambo mawili: kanda zina nini, na je, zina pesa? Mimi nikamtangulia na swali langu: "Hujaziingiza kwenye deki, sivyo?"

Hakuwa ameziingiza, kwa sababu hakuwa na deki. Nilishukuru. Wengi huanza kwa kuazima deki kwa jirani, wanausukuma mkanda ndani, na kanda iliyokaa miaka thelathini salama inakatika ndani ya dakika moja.

Nilikodisha kanda za video hapa Iringa mjini, Uhindini, tangu miaka ya tisini ilipoanza mpaka wateja wote walipohamia kwenye sidii na DVD. Nimefungua kanda, nimeziunga, nimezisafisha, na zile za Kidenmaki nimezipenda kuliko zote kwa sababu nitakazozieleza. Naandika haya kwa sababu naamini bado zipo kwenye makabati ya Iringa, Mbeya na Songea. Miaka ya 1980 Denmaki, kupitia Danida, shirika lake la misaada, ilifadhili miradi ya maji ya vijijini katika mikoa ya Iringa, Mbeya na Ruvuma, na Njombe wakati huo ilikuwa bado ndani ya Iringa. Wataalamu walikuja na watoto, na watoto walikuja na filamu zao. Mkataba ulipokwisha mizigo ikapunguzwa: kitanda kwa mlinzi, vyombo kwa mama wa jikoni, deki kwa dereva, na kanda zikaifuata deki.

Jua kwanza umeshika nini

Soma ubavu wa mkanda. Ukiona herufi æ, ø na å, lugha ni Kidenmaki au Kinorwe. Ukiona ä na ö zenye nukta mbili juu, hicho huenda ni Kiswidi, na Waswidi nao walikuwa wengi nchini, kwa hiyo usichanganye. Kwenye jaketi tafuta neno "spilletid", ambalo ni muda wa filamu. "Tilladt for alle" maana yake inaruhusiwa kwa watu wote. "Sort/hvid" ni nyeusi na nyeupe, "farve" ni rangi. Ukikuta "udlejning", mkanda ulitengenezwa kwa ajili ya maduka ya kukodisha kama langu.

Mmoja katika zile nne za kijana uliandikwa *Far til fire*. Neno la mwisho lisikupoteze. Sisi tuliosoma Kiingereza cha shule tulidhani ni filamu ya moto, na nakumbuka watoto wa Gangilonga tumekaa kwenye mkeka barazani kwa jirani Mdenmaki tukisubiri nyumba iungue. Haikuungua. "Fire" kwa Kidenmaki ni nne, na jina zima ni Baba wa Wanne.

Ni filamu ya mwaka 1953, nyeusi na nyeupe, iliyoongozwa na mwanamke, Alice O'Fredericks, kwa kampuni ya ASA, kutokana na katuni zilizochorwa na Kaj Engholm. Baba analea watoto wanne peke yake, mama hayumo. Mkubwa ni binti, Søs, kisha wanafuata Ole na Mie, na kitinda mimba ni Lille Per, yaani Per Mdogo, mwenye tembo wa kuchezea aitwaye Bodil. Na yupo mzee mmoja, Onkel Anders, aliyechezwa na Peter Malberg. Huyu ndiye aliyetugombanisha barazani. Je, ni mjomba au baba mdogo? Maana mjomba anaweza kukudekeza, na baba mdogo anaweza kukuchapa, na bila kujua hilo huelewi kwa nini watoto wanamzoea vile. Jirani yetu alijaribu kutueleza kwamba kwao neno "onkel" linawabeba wote wawili. Hatukuridhika. Mama yangu, aliyekuwa akitazama huku anachambua mchele, alikata shauri kwamba ni mjomba, kwa sababu anacheka sana.

Hapo ndipo penye mvuto wa filamu hii, kwangu na kwa wanaozikusanya huko kwao. Haina jambazi wala bunduki. Ni nyumba iliyojaa watoto, chakula mezani, baba anayechoka na mtoto mdogo anayeuliza maswali. Mdenmaki mwenye miaka sabini akiiona anaona utoto wake. Mimi nikiiona nasikia mchele ukipepetwa kwenye ungo. Kumbuka Bara hatukuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994, ingawa Zanzibar walishakuwa nayo tangu miaka ya sabini. Kwetu Iringa picha zote zilitoka kwenye deki ya mtu, na kama mtu huyo alikuwa na kanda sita, mtaa mzima ulizijua hizo sita kwa moyo.

Filamu ile ilizaa nyingine: kwenye theluji mwaka 1954, shambani 1955, mjini 1956, hadi kisiwa cha Bornholm 1959 na ile ya muziki 1961. Njia rahisi ya kujua umeshika ya kipindi gani ni uso wa baba. Ib Schønberg, mnene mwenye uso wa huruma, aliigiza baba katika zile za mwanzo, akafariki 1955. Baada yake alikuja Karl Stegger. Wakusanyaji wana maoni makali juu ya nani alikuwa baba wa kweli. Mimi niko upande wa Schønberg. Kuna pia mfululizo mpya wa rangi ulioanza 2005, na jina ni lile lile, kwa hiyo usimwambie mnunuzi una filamu ya zamani kabla hujasoma mwaka.

Kama mkanda hauna jaketi la duka na jina limeandikwa kwa kalamu, usiutupe. Huenda umerekodiwa kutoka televisheni ya kwao. Mpaka tarehe 1 Oktoba 1988 Denmaki ilitegemea televisheni moja ya taifa, Danmarks Radio, siku hiyo ndipo ya pili, TV 2, ilipoanza. Ukiona alama ya TV 2 mwanzoni au mwishoni, umeshajua mkanda haukurekodiwa kabla ya hapo. Na vile vipande vya katikati, mtangazaji akisoma ratiba ya jioni, hali ya hewa, mara nyingi ndivyo adimu kuliko filamu yenyewe. Usivikate wakati wa kunakili.

Ukaguzi kabla ya deki

Toka nje kwenye mwanga wa jua la asubuhi. Shika mkanda, tazama kupitia vile vidirisha viwili vya juu. Utepe uliojizungusha unatakiwa uwe mweusi au kahawia iliyokolea, laini kama uso wa sahani. Ukiona unga mweupe au nyuzi kama utando wa buibui kwenye kingo, huo ni ukungu. Kiswahili kimeita jambo hili na lile la asubuhi za Njombe kwa neno moja, na kwa kweli moja huleta jingine: nyumba isiyopata jua kuanzia Novemba hadi Aprili, kabati lililogusana na ukuta wa tofali mbichi, na mkanda uliofungiwa ndani ya mfuko wa nailoni.

Usiunuse kwa karibu. Ukungu si kitu cha kuvuta mapafuni, hasa ukiwa na pumu.

Kisha bonyeza kidude kidogo cha ubavuni, ule mlango wa mbele utafunguka. Tazama utepe unaopita pale. Una mikunjo? Umeliwa ukingoni? Geuza mkanda, katikati ya upande wa chini kuna kitundu. Ingiza ncha ya penseli kwa upole, hapo breki za magurudumu zinaachia, na unaweza kuzungusha gurudumu kwa kidole. Likizunguka kwa ulaini, vizuri. Likikwama au ukisikia kama karatasi inabanduka, acha hapo hapo. Tabaka zimeshikana.

Najua ninachokisema. Mwaka mmoja wa mvua nyingi niliingiza mkanda wenye ukungu kwenye deki yangu ya dukani kwa sababu mteja alikuwa anasubiri. Ulikatika, na hilo lingekuwa hasara moja. Lakini unga ulibaki kwenye hedi, yaani kile kichwa cha deki kinachosoma utepe, na siku ile ile nilicheza kanda nyingine tatu kwenye deki hiyo kabla sijagundua. Zote tatu zilioteshwa ukungu baada ya miezi michache. Moja ilikuwa ya harusi ya watu, na haikuwa na nakala. Niliwaendea nyumbani kwao Mtwivila kuwaambia, na mpaka leo nikikutana na mama yule sokoni huwa namsalimia nikiwa na uzito moyoni.

Kusafisha

Ukungu mbichi haufutiki, unapakazika tu. Kwa hiyo kausha kwanza. Weka mkanda kwenye chumba kikavu chenye hewa, kivulini, majuma mawili au zaidi. Mwezi wa saba na wa nane hapa Iringa ni msimu mzuri wa kazi hii, hewa ni kavu. Usiuanike juani, plastiki hupinda na utepe hujikunja. Usiuweke juu ya jiko wala karibu na friji kwa nyuma. Wapo wanaotumia mchele kukausha, nawasihi waache, vumbi la mchele litaingia ndani. Tumia vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vingi, ndani ya ndoo yenye mfuniko.

Ukungu ukishakuwa unga mkavu, fanya kazi nje, vaa barakoa, kaa upepo ukiwa mgongoni kwako. Kitambaa kiwe laini kisichotoa nyuzi. Kile cha kufutia miwani kinafaa, khanga kuukuu haifai kwa sababu inatoa pamba. Fungua mlango wa mkanda, banisha utepe kati ya mikunjo ya kitambaa bila kuukaza, kisha zungusha gurudumu polepole na mtu wa pili akikusaidia penseli isitoke kwenye kitundu. Badilisha upande wa kitambaa kila mara. Ni kazi ya saa nyingi, utepe wa mkanda mmoja wa saa tatu unapita mita mia mbili na nusu. Mimi huifanya na mjukuu wangu, yeye penseli mimi kitambaa, tukisikiliza redio.

Kama ukungu umeingia hadi ndani ya magurudumu, fungua kasha. Kuna skrubu tano upande wa chini. Zitoe, geuza mkanda uwe kama kawaida, inua kifuniko cha juu wima bila kuyumba, na piga picha ya kila kitu kwa simu kabla hujagusa, kwa sababu kuna springi ndogo itakayoruka na hutakumbuka ilikaa wapi. Kasha likiwa limevunjika, unaweza kuhamishia magurudumu kwenye kasha la mkanda mwingine wowote wa VHS, yaani wa aina hii hii. Ila lile kasha la zamani lenye lebo lihifadhi. Mkusanyaji atalitaka hata likiwa na ufa.

Utepe uliokatika huungwa kwa gundi-utepe maalumu ya kuungia kanda, nyembamba, upande wa nyuma, yaani ule usiopita kwenye hedi. Selotepu ya karani usiiguse. Gundi yake huyeyuka kwa joto la deki, na ngoma ya hedi inayozunguka mara 1,500 kwa dakika ikikutana na gundi, umepoteza deki na mkanda pamoja. Ukishaunga, kipande hicho kikicheza mara moja kwa ajili ya kunakili, kinatosha.

Deki

Deki mpya usitafute. Kiwanda cha mwisho, Funai cha Japani, kiliacha kuzitengeneza Julai 2016. Utapata za mtumba, na fundi mzee wa redio anayejua kubadili mkanda wa mpira ndani yake ni mtu wa kumtunza. Ulizia Miyomboni au Mashine Tatu, kila mtaa una mzee mmoja. Ukiwa Mbeya, ulizia Mwanjelwa. Habari njema ni kwamba Wadenmaki na sisi tulitumia mfumo mmoja wa rangi, PAL. Sauti ikitoka mikwaruzo tu ilhali picha ni safi, tatizo huwa kwenye kurusha mawimbi kwa waya wa antena. Unganisha kwa nyaya za rangi badala yake: njano ya picha, nyeupe na nyekundu za sauti. Deki iliyotoka Ulaya inaweza kuwa na tundu pana tu la pini 21 liitwalo skati, kigeuzi chake ni kidogo na cha bei rahisi.

Safisha hedi kwa spiriti safi ya isopropili na kijiti chenye ngozi laini, ukizungusha ngoma kwa mkono huku kijiti kimetulia. Usisugue kwenda juu na chini. Kisha cheza kwanza mkanda usio na thamani, dakika kumi. Ukitoka mzima, sasa ingiza ule wa Kidenmaki. Upeleke mbele mpaka mwisho na urudishe nyuma mara moja kabla ya kuucheza, ili ujizungushe upya kwa mkazo ulio sawa.

Nakala unaifanya siku hiyo hiyo, kwa kinasa cha USB kwenye kompyuta. Chagua PAL, fremu 25 kwa sekunde, ukubwa wa 720 kwa 576. Kompyuta iwe na betri nzima na deki iwe kwenye UPS, kile kifaa cha kushikilia umeme, kwani umeme ukikatika katikati utepe unabaki umetolewa nje ya kasha na huo ndio wakati unapoliwa. Vunja pia kile kibapa cha usalama kwenye ubavu wa mkanda kama bado kipo, mtu asije akarekodi mechi juu yake. Na nakala ni ya kwako. Filamu hizi bado zina wenyewe, haki zake hazijaisha, kwa hiyo usizichome kwenye DVD ukauza stendi.

Pesa

Kijana alisubiri kwa adabu nifike hapa. Nilimwambia kweli: mkanda wa *Far til fire* peke yake hautamjengea nyumba. Filamu zenyewe zimetoka kwenye DVD, kwa hiyo anayetaka kutazama tu ana njia nyingine. (DVD za huko ni za eneo la 2 na sisi ni eneo la 5, mashine yako ikikataa usidhani ni mbovu.) Anayetaka mkanda anataka kitu kizima: jaketi lenye rangi isiyopauka, namba ya ubavuni inayosomeka, kasha la nje lisilopasuka, na hasa anataka kukamilisha mfululizo. Ndiyo maana moja huwa na bei ndogo na sita zikiwa pamoja huwa na neno.

Kinachopendwa zaidi ni karatasi. Mabango ya sinema ya Kidenmaki ya wakati ule yalichorwa kwa mkono, kipimo chake cha kawaida ni sentimita 62 kwa 85, na vile vijitabu vya programu vilivyouzwa mlangoni mwa sinema hukusanywa kama stempu. Nilimuuliza kijana kama kwenye kabati kulikuwa na karatasi yoyote. Akasema ndiyo, zilikuwa zimetandikwa chini ya masufuria. Nilimrudisha nyumbani mvua hiyo hiyo. Aliporudi alikuwa na magazeti ya Uhuru ya zamani, na katikati yake kijitabu kimoja chembamba chenye uso wa Schønberg na watoto wanne, kona moja imeliwa na mende. Kilinitoa machozi.

Ukikuta kitu kama hicho usikilaminishe, usikikunje, usikibandike ukutani. Kiweke kati ya karatasi nyeupe safi mbili ndani ya bahasha ngumu, kilale.

Kanda zenyewe zisimame wima kama vitabu, zimerudishwa mwanzo, mbali na spika, mbali na moshi wa mkaa, mbali na ukuta wa nje. Mara moja kwa mwaka, kiangazi, zizungushe mbele na nyuma.

Na andika zilikotoka. Hili watu hulidharau, nami naliona kubwa kuliko bei. Jumamosi iliyofuata bibi alishuka kutoka Makambako kwa basi la asubuhi, tukamkalisha kwenye kochi na blanketi, tukawasha. Picha iliruka kidogo, nikagusa trakingi, kitufe cha kutuliza picha, ikatulia. Per Mdogo alipotokea na tembo wake bibi alisema jina la tembo kabla mtoto hajalitamka. Mzee Anders alipoingia nikamuuliza kwa nini nisiseme ni baba mdogo. "Mjomba huyo," akasema bila kugeuka.

Kisha akatusimulia, na kijana akaandika kwenye kadi iliyomo sasa ndani ya kasha: "Mkanda huu alipewa babu na mhandisi wa maji, Iringa, siku ya kuagana. Ulitazamwa kila Krismasi mpaka deki ilipoharibika. Kijitabu kilikuwa cha mke wa mhandisi, alikinunua akiwa msichana. Kasoro: umeungwa mahali pamoja, dakika ya arobaini."